Je, uhisani unaijenga jamii, au unampunguzia mwenye wajibu mzigo wake?

Mjumbe wa Kamati aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa miaka kadhaa nimekuwa katika kamati ndogo inayopokea na kugawa misaada, na swali hili lilinijia baada ya kuikabidhi zahanati moja mashine ya eksirei tuliyopewa na mfadhili. Siku hiyo palikuwa na hotuba, utepe na picha. Nilipopita tena miezi michache baadaye, niliikuta mashine imefunikwa shuka na juu ya shuka yamepangwa maboksi ya glavu, kwa kuwa hapakuwa na fungu la kumlipa mtaalamu wala la kununua kifaa kilichoungua. Mfadhili hakuwa na nia mbaya. Sisi ndio tuliokosa ujasiri wa kumwuliza mapema nani angegharimia uendeshaji, tukiogopa kuambiwa kuwa shukrani ya punda ni mateke. Je, uhisani ni nyongeza juu ya kazi ya serikali, au ni pazia linaloficha kazi ambayo haikufanywa? Naomba hoja, si kuwasifu wala kuwalaani matajiri.

Msomaji Mkongwe alijibu:

Ndugu Mjumbe, swali mliloogopa kuuliza liliwahi kuulizwa na mtoaji mwenyewe. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, alitoa fedha zilizojenga maktaba zaidi ya 2,500, nyingi zikiwa Marekani na Uingereza, lakini kwa kawaida hakukabidhi jengo bila masharti: mji ulitakiwa kutoa kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka, kutoka katika fedha za umma, kiasi cha asilimia 10 ya gharama ya ujenzi. Mji uliojengewa maktaba ya dola 10,000 ulijifunga kutoa dola 1,000 kila mwaka kwa ajili ya uendeshaji. Kwa utaratibu huo msaada haukuiondolea mamlaka wajibu wake, bali uliibana iuchukue.

Hata hivyo, si haki kusimulia nusu ya habari. Mwaka 1892 kiwanda chake cha Homestead kiliingia katika mgogoro mkali wa ujira, na watu wakauawa katika mapambano kati ya wafanyakazi na walinzi wa kukodiwa. Mtu aliyefanya kazi saa 12 kwa siku mbele ya tanuri angepata wapi nguvu ya kwenda kusoma? Ukarimu unaotangulizwa na ujira finyu ni wa kutazamwa kwa macho mawili.

Mkaguzi alijibu:

Nitasema machache, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu. Katika nchi nyingi mtoaji hupata nafuu ya kodi, maana yake sehemu ya kile kinachoitwa fedha yake ingekuwa katika hazina ya umma, ambako matumizi yake yangejadiliwa na wawakilishi. Huko Marekani sheria huzitaka taasisi binafsi za hisani kutumia takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zake kila mwaka, na gharama halali za utawala huhesabiwa humo humo. Umma uliosamehe kodi una haki ya kuuliza maswali, na aliyepokea pia. Kamati yenu haikuwa na sababu ya kuona haya.

Binti Wakfu alijibu:

Nakubaliana na Mkaguzi kuhusu haki ya kuuliza, ila sikubali kwamba kila kitu kingefaa kupitia hazina. Serikali hukwepa majaribio yanayoweza kushindwa mbele ya wapiga kura, ilhali mfadhili anaweza kusubiri. Chanjo ya homa ya manjano ilitokana na kazi ya Max Theiler na wenzake katika maabara za Wakfu wa Rockefeller, taasisi binafsi ya hisani ya Marekani, miaka ya 1930, na Theiler alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Hiyo ndiyo nafasi halisi ya uhisani kwa maoni yangu: kufungua njia ambayo baadaye bajeti ya umma itaipita.

Tena tuchunge maneno. Hisani ni ya mtoaji, akipenda anatoa, asipopenda anaacha. Zaka kwa Waislamu si hivyo: mali ya fedha iliyofika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kutimiza mwaka hutolewa asilimia 2.5, na anayestahili huipokea kama haki yake, bila kupigwa picha akishukuru. Maskini anayepewa haki hana sababu ya kuinamisha kichwa. Anayepewa hisani huinamisha, na mara nyingi, kama kamati yenu, hunyamaza.

Mjumbe wa Kamati alijibu:

Nawashukuru nyote, hasa dada Binti Wakfu, ambaye maneno yake ya mwisho yamenichoma. Jana tumeongeza mstari mmoja katika fomu yetu ya kupokea misaada: nani atalipia uendeshaji kuanzia mwaka wa pili, na sahihi yake iko wapi. Mjumbe mmoja alipinga, akisema tutawafukuza wafadhili. Wiki ijayo tunakutana na mmoja anayetaka kutoa darubini za maabara, naye ndiye atakuwa wa kwanza kupewa fomu hiyo aijaze.