Choo kinachovujisha maji usiku kucha: nani amerekebisha mwenyewe? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba tusaidiane kwenye hili kwa sababu naamini nyumba nyingi linatokea na watu wamelizoea.

Kwangu ulikuwa ni mlio mdogo tu, shiii, wa maji kuingia kwenye tenki la flashi. Mchana husikii. Usiku watoto wakilala unausikia hadi chumbani. Nilikaa nao miezi miwili hivi. Bili ya pili ilipokuja na uniti 19, wakati tupo watu wanne na huwa hatuvuki 10, ndipo nikaamua nitafute.

Saa 5 usiku watu wote wamelala, nikafunga mabomba yote, nikaenda kwenye mita na tochi ya simu. Kile kigurudumu kidogo cha mita kilikuwa kinazunguka taratibu. Nikaandika namba pamoja na zile tarakimu nyekundu za mwisho. Saa 11 alfajiri nikarudi: lita 78 zimepita na hakuna aliyefungua bomba. Piga hesabu wenyewe. Ni lita 13 kwa saa, 312 kwa siku, 9,360 kwa mwezi. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo uniti tisa na ushee zilikuwa zinashukia chooni. Kwa ndoo za lita 20 ni ndoo 468! Kuna majirani huku wanabeba maji kwa toroli, jambo hili liliniuma sana.

Nikafungua kifuniko cha tenki. Maji yalikuwa chini ya mdomo wa lile bomba la ovafulo, la kutolea maji yanayozidi, kama vidole vitatu, na bado valvu ya kuingiza ilikuwa inalia. Maana yake maji hayamwagiki juu, yanatokea chini. Ili niwe na uhakika nikaweka kijiko cha rangi nyekundu ya chakula, ile wanayotia kwenye ubuyu, nikazuia watu wasiflashi kwa nusu saa. Nilipoangalia, bakuli lilikuwa na mstari mwekundu unateremka kutoka nyuma.

Nikafunga engo valvu iliyo ukutani chini ya tenki, nikaflashi ili maji yaishe, nikaondoa kitufe cha juu. Ule mnara wa katikati nikauzungusha kushoto robo mzunguko ukachomoka. Chini yake kuna raba ya duara. Ilikuwa imekakamaa kama kiatu cha zamani, na upande mmoja ina alama ya kukatika.

Nikaenda Kariakoo upande wa Gerezani, nikanunua raba kwa kukadiria kwa macho. Kosa. Nimefika nyumbani ni pana, haikai kwenye mfereji wake. Siku ya pili nikaichukua ile ya zamani kwenye mfuko, muuzaji akazipachika moja juu ya nyingine mpaka ikapatikana inayolingana. Kabla ya kurudisha nikafuta pale raba inapokalia, pana magamba meupe ya chumvi. Nikayalainisha kwa kitambaa chenye siki. Bila hivyo raba mpya ingekalia juu ya magamba na kuvujisha vilevile.

Sasa hivi kimya kabisa. Naomba na ninyi mseme: kwenu kiliharibika nini, mlianzia wapi, mlinunua kifaa gani?

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, asante kwa hesabu hiyo ya ndoo.

Kwangu Nyegezi lilikuwa jambo tofauti. Maji yalikuwa yanapanda mpaka yanaingia kwenye ovafulo, kwa hiyo tatizo lilikuwa bolkoki, yaani ile valvu ya kuingiza maji, siyo raba ya chini. Na lilianza siku moja baada ya mgao. Maji yalikatika siku tatu, yaliporudi yalikuja na rangi ya chai na mchanga ndani.

Nilikuwa tayari nimenunua bolkoki mpya. Bahati nzuri jirani yangu akaniambia nisafishe kwanza ile iliyopo. Unafunga maji, unashika kofia ya juu ya valvu, unaisukuma chini kidogo huku unaizungusha, inafunguka. Ndani kuna kiraba chembamba kama kitufe cha shati chenye kitundu katikati. Kwangu kulikuwa na punje ya mchanga imekaa kwenye hicho kitundu. Nilikiosha, kisha nikafunika valvu kwa kikombe kilichogeuzwa na kumwambia kijana afungue maji kidogo sana kwa sekunde chache ili uchafu uliobaki utoke. Usisahau kikombe, maji yanaruka mpaka dari.

Ile bolkoki mpya bado ipo kwenye boksi. Tangu hapo, maji yakirudi baada ya mgao nafungua kwanza bomba la uani yatoke machafu, ndipo nafungua ya ndani.

Mama mwenye vyumba vya kupangisha, Tanga

Wanangu, mimi nina vyumba sita na vyoo viwili vya nje, vya zamani, vyenye boya la duara kwenye mkono wa shaba. Wapangaji wakaniambia choo cha mwisho hakinyamazi. Nikamwita kijana, akasema nibadilishe kila kitu, hadi tenki.

Nikamwambia asubiri. Nikafunua mwenyewe. Boya lilikuwa linaelea nusu, nusu limezama. Nikalifungua kwenye mkono wake, nikalitikisa sikioni, nikasikia maji ndani. Limetoboka! Boya lenye maji halipandi vya kutosha, basi valvu haifungi, basi maji hayakomi. Nililimwaga, nikalifunga kwa mfuko wa nailoni na uzi, likasaidia wiki nzima hadi nilipopata jipya. Hilo boya tu ndilo nilinunua, tenki ni lilelile hadi leo.

Choo cha pili boya ni zima ila maji yalikuwa yanafika juu mno. Hapo nilikunja ule mkono wa shaba kidogo kuelekea chini, kwa mikono miwili, mmoja ukishika karibu na valvu ili isivunjike. Maji yakaishia kama inchi moja chini ya ovafulo. Sikununua chochote.

Mchangiaji, Kigamboni

Sisi huku wengi tuna visima na simtanki juu ya mnara, hatupati bili ya maji, kwa hiyo uvujaji hauonekani kwenye karatasi. Mimi niliuona kwenye LUKU. Mota ilikuwa inawaka mara mbili kwa siku badala ya mara moja kwa siku mbili, umeme unaisha na hatujui kwa nini. Nilimlaumu mpangaji wa nyuma bure, nikamwomba radhi baadaye. Simtanki la lita 1,000 lilikuwa linaishia kwenye choo kimoja cha wageni ambacho hakuna anayekiingia.

La kuongeza: maji yetu yana chumvi, raba zinakakamaa haraka. Nina kawaida ya kununua mbili kwa mpigo na kuweka moja ndani. Na mnaponunua bolkoki, mwambieni muuzaji kama maji yenu yanatoka kwenye simtanki au bomba la mtaani. Niliwahi kufunga yenye kitundu kidogo, ya presha kubwa. Haikuvuja hata tone, lakini tenki lilichukua karibu nusu saa kujaa. Nikabadilisha tena.

Mchangiaji, Dodoma

Mimi naleta uzoefu mbaya ili usimpate mwingine. Nilibadilisha valvu yote ya chini, ile ambayo lazima ushushe tenki kutoka kwenye bakuli. Kazi ilienda vizuri mpaka kwenye boliti mbili za kushikilia tenki. Moja ilikuwa inatoa tone, nikaongeza spana, ikatoa tena, nikaongeza. Nikasikia kakkk. Ufa kutoka kwenye tundu la boliti hadi juu. Nilinunua choo kizima kwa sababu tenki la aina ile peke yake sikulipata.

Fundi bomba, Morogoro

Pole sana mkuu wa Dodoma. Hilo nimeliona mara nyingi, hata kwa mafundi wenzangu. Boliti za tenki zinakazwa kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, na tone likiendelea tatizo ni raba ya chini ya boliti, siyo nguvu. Nati za plastiki kaza kwa mkono, kisha spana robo mzunguko tu, uache.

Mengine ninayoyakuta majumbani:

Tepu nyeupe ya nyuzi watu wanaizungusha kila mahali. Pale ambapo mpira wa maji unaungana na mkia wa bolkoki kuna raba ndani, hapahitaji tepu. Tepu ikizidi pale nati inakaa upande na kuanza kudondosha.

Engo valvu ambayo haijaguswa miaka kumi usiilazimishe kwa spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo. Inakatikia ukutani. Funga koki kubwa ya kwenye mita, halafu ibadilishe na yenyewe.

Vile vidonge vya klorini vinavyowekwa ndani ya tenki vinaua raba. Kama unataka choo kinukie weka dawa kwenye bakuli.

Na kama unaona mlio unakuja usiku tu halafu mchana unatulia, angalia presha. Usiku watu wamelala, presha ya mtaani inapanda, bolkoki iliyochoka inashindwa kuzuia. Hiyo badilisha, usihangaike na raba ya chini.

Mchangiaji, Mombasa

Asanteni ndugu zangu. Mimi niko Mji wa Kale, nyumba ni ya babu, na sistani, yaani matenki ya flashi, ni za kale kabisa, zile za saifoni za Kiingereza. Hizi haziwezi kuvuja chini kuingia bakulini, kwa sababu maji lazima yapande juu ya kona ndipo yashuke. Zikizidi kujaa, maji hutoka kwa bomba dogo lililotobolewa ukutani, yakadondoka njiani. Wapita njia ndio walikuwa wakitugongea mlango kutuambia.

Shida yetu kubwa ilikuwa mkono wa kuvutia. Wauvuta mara tano, sita, ndipo maji yaende. Ndani ya saifoni mna sahani yenye matundu, na juu yake karatasi ya plastiki. Yetu ilikuwa imepasuka. Dukani hawakuwa nayo. Nikailaza ile kuukuu juu ya plastiki nzito ya kufungia godoro, nikaichora kwa kalamu, nikaikata kwa makasi. Ni mwaka wa tatu sasa, wavuta mara moja.

Mchangiaji, Houston

Salamu kutoka Marekani. Huku vyoo vingi havina mnara wa kuzungusha, vina kifuniko cha raba chenye mnyororo mdogo uliofungwa kwenye mkono wa flashi. Nilibadilisha mara mbili, bado kinavuja. Kumbe vipo vya inchi mbili na vya inchi tatu, na mimi nilikuwa na choo cha inchi tatu. Pia mnyororo nilikuwa nimeuvuta sana. Uachie ulegevu kama nusu inchi, usiwe mrefu wa kuingia chini ya raba.

Vyoo vilivyotengenezwa huku tangu 1994 kisheria visizidi galoni 1.6, kama lita 6 kwa flashi. Changu ni cha zamani kuliko hapo, kila kukicha kinameza maji mengi, kwa hiyo kabla sijakibadilisha angalau kisivuje.

Mwanzisha mada, Tabata

Nimesoma yote, nawashukuru sana. Fundi wa Morogoro, nimeondoa kile kidonge cha klorini leo asubuhi, nilikuwa nakiweka tangu tuhamie.

Baada ya kumsoma mkuu wa Kigamboni nilienda kuangalia choo cha chumba cha wageni ambacho hatukitumii. Hakikuwa na mlio wowote. Nikaweka rangi saa 2 usiku, nikaenda kula. Nimerudi, maji ya bakuli yamekuwa ya pinki. Kumbe viwili vilikuwa vinavuja. Raba ya zamani ipo mfukoni, kesho nipo Gerezani, safari hii nachukua mbili.