Kupoza na kupasha joto fleti ya mita 40 za mraba: spliti, kiyoyozi cha kubebeka, au feni na hita?

Mpangaji_G4
Wakuu, naomba ulinganisho. Sebule imeungana na jiko, mita za mraba 26, dirisha kubwa linatazama magharibi. Chumba cha kulala ni 14. Majira ya joto nje hufika nyuzi 35, majira ya baridi usiku hushuka hadi 3. Nachagua kati ya spliti (kiyoyozi chenye kipande cha ndani na cha nje) ya inverta, yaani ambayo kompresa, pampu yake ya gesi, hubadili kasi, ya baridi na joto, kiyoyozi cha kubebeka pamoja na hita ya umeme, au feni za dari na hita ya umeme yenye mafuta ndani.

FundiKoili
Spliti, na sababu kubwa ni majira ya baridi. Hita ya umeme ya aina yoyote, iwe ya mafuta au ya waya, hugeuza kilowati 1 ya umeme kuwa kilowati 1 ya joto, basi. Inverta haitengenezi joto, inalihamisha kutoka nje. Nje kukiwa nyuzi 7 kilowati hiyo moja hukupa 3 hadi 4. Kwenye nyuzi 3 hupungua kidogo, na koili ya nje (mabomba yanayopitisha gesi na kubadilishana joto na hewa) hushika barafu. Mashine itaacha kupasha kwa dakika 5 hadi 10 iyeyushe barafu hiyo: feni ya ndani inasimama, nje mvuke unapanda. Si ubovu, usiizime.

Sebule BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), chumba 9,000. Usipandishe "kwa usalama". Mashine kubwa kupita kiasi hupoza haraka na kuzima kabla haijakausha hewa, unabaki na chumba chenye baridi na unyevu.

Nne_Bomba
Kabla ya kununua chochote, uliza kama jengo lina maji ya kupozea na kupashia kutoka mtambo wa pamoja. Kama yapo, uliza ni bomba mbili au nne. Kwenye bomba mbili jengo zima huwa kwenye joto au kwenye baridi kwa msimu. Ukiweka thamostati nyuzi 18 wakati maji ya moto ndiyo yanazunguka, hupati baridi hata kidogo. Bomba nne kila fleti inajiamulia.

HewaSafi
Cha kubebeka chenye bomba moja nakipinga kabisa. Kinachukua hewa ya chumbani na kuitupa nje, kwa hiyo hewa ya moto inavutwa ndani kupitia chini ya milango na nyufa za madirisha. Kinapambana na joto kinalolileta chenyewe. Ukilazimika kwa sababu mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, tafuta cha bomba mbili (moja huvuta hewa ya nje, la pili huitoa), bomba liwe fupi na lililonyooka, na uwazi wa dirishani uzibwe vizuri.

Feni usiidharau. Haipozi chumba, inampoza mtu, kwa hiyo izime ukitoka. Ikizunguka unaweza kuweka spliti 26 badala ya 24 bila kuhisi tofauti. Na dirisha la magharibi likingie kwa nje: pazia la ndani linalizuia jua likiwa limeshapita kioo.

Mpangaji_G4
Asanteni. Je, spliti moja ya 18,000 sebuleni haiwezi kuhudumia na chumba?

FundiKoili
Mlango ukifungwa, hapana. Ukiwa wazi, sebule itafikia nyuzi ulizoweka, kompresa itapunguza kasi, chumba kikiwa bado cha moto. Weka mbili.

Siku ya kufunga simamia mambo mawili. Fundi atumie pampu ya vakyumu, inayonyonya hewa na unyevu kwenye mabomba ya gesi, mpaka geji isome chini ya mikroni 500 (kipimo cha shinikizo lililobaki ndani), afunge vali, asubiri dakika 10. Ikipanda bila kusimama, kuna uvujaji. Ikipanda kidogo na kutulia, bado kuna unyevu. Anayetoa hewa kwa kufungulia gesi kidogo anaacha unyevu ndani, nao ukichanganyika na oili huzaa asidi inayoila kompresa.

Pili, bomba la kutoa maji yanayodondoka kwenye koili ya ndani lishuke angalau sentimita 1 kila mita, bila kupinda juu popote. Kabla ya kuondoka amimine lita 1 kwenye trei ya ndani na maji yote yatokee nje.

HewaSafi
Filta ioshwe kila wiki 2 hadi 4. Ikiziba, koili ya ndani huganda, na barafu ikiyeyuka maji hudondoka ukutani. Ikiganda wakati filta ni safi, shuku gesi imepungua. Usikubali ijazwe kabla uvujaji haujapatikana.