Kona za kujifunzia katika darasa la awali lenye watoto 72: nizipangeje?

Mwalimu wa Awali, Kilosa

Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha darasa la awali katika shule ya serikali, na mwaka huu nimepokea watoto 72 katika chumba kimoja, ingawa uwiano uliokusudiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Nimeandaa kona tano: ya lugha, ya hisabati, ya sayansi, ya sanaa na ya nyumbani. Muda wa kona ukifika, sehemu kubwa ya darasa hukimbilia kona ya nyumbani na kugombania vyombo, kona ya lugha hubaki tupu, na vizibo vya kuhesabia hupungua kila wiki. Mwalimu mkuu, ambaye ninamheshimu, ameniuliza kwa nini watoto wanacheza badala ya kukaa mkekani wakaimba herufi. Naombeni utaratibu unaofaa kwa watoto wengi kiasi hiki.

Mwalimu wa Tanga

Hongera kwa kuthubutu, mwalimu. Ushauri wangu wa kwanza ni kuzifunga kona zote, kisha kufungua moja baada ya nyingine, ukikaa na watoto katika kila kona mpaka wajue namna ya kuchukua kifaa, kukitumia na kukirudisha mahali pake, kwa sababu fujo nyingi hutokana na watoto kupewa vitu vingi ambavyo hawajaonyeshwa matumizi yake.

Kuhusu idadi, ukiwagawa 72 katika kona tano utapata 14 au 15 kila kona, na hapo hakuna atakayejifunza. Ongeza kona ya sita, ya maji na mchanga, barazani mahali unapopaona, kisha ruhusu watoto 36 tu waingie kwenye kona, sita kila moja, huku wengine 36 wakichora mkekani juu ya karatasi za mifuko ya saruji; baadaye wabadilishane. Kata kadi za maboksi zenye picha ya kona, zifunge uzi wa kuvaa shingoni, na uandae sita tu kwa kila kona. Kadi zikiisha, mtoto ataona mwenyewe kwamba kona imejaa, nawe hutalazimika kupaza sauti.

Mkufunzi, chuo cha ualimu

Nakubaliana na mwalimu wa Tanga, ila nisingependa watoto wazuiwe sana kwenye kona ya nyumbani, kwa kuwa wanachokipenda ndicho kinachoweza kubeba somo. Igeuze kwa muda iwe duka: weka pakiti tupu za unga na majani ya chai, kalenda ya zamani, na orodha ya bei uliyoiandika kwa herufi kubwa. Mtoto anayesoma jina kwenye pakiti na kulipa vizibo vitatu anatumia lugha na hisabati kwa pamoja. Mkaribishe mwalimu mkuu asimame hapo kwa dakika kumi, ukiwa na daftari lenye majina ya watoto na umahiri uliouona, kama vile kuwasiliana, kuhusiana na kutumia dhana za kihisabati, ambao umo katika mtaala wetu.

Kuhusu vifaa kupotea, usivifungie kabatini. Maria Montessori alipoanzisha nyumba yake ya watoto huko Roma mwaka 1907, aliona kwamba watoto waweza kujichagulia vifaa wenyewe, ndipo akaweka makabati mafupi wanayoyafikia. Chora umbo la kila kifaa kwenye rafu, ili mtoto aone pengo pale kisiporudishwa.

Mwalimu wa PP2 (mwaka wa pili wa awali nchini Kenya), Kwale

Niongeze jambo la usalama, ambalo mara nyingi husahaulika tunapookota vifaa vya bure. Mbegu za mbono zinavutia kwa madoadoa yake, lakini zina sumu kali, na hazifai kabisa kuwa kwenye kona ya hisabati. Vizibo vya bati vina kingo zinazokata. Vya plastiki ni bora, vikiwa vikubwa kiasi cha kutoweza kumezwa. Maharagwe nayo huishia puani, kwa hiyo watoto wadogo wapewe vifuu vya nazi au vijiti vilivyolainishwa. Mwalimu, chumba chako kinatumiwa na wengine jioni? Ikiwa ndivyo, kila kona iwe na gunia lake la kutundika ukutani, na watoto wenyewe walijaze kabla ya kwenda nyumbani.