Mayasthenia: CT ya kifua inarudiwa kila baada ya muda gani?

bint_msasani
Habari zenu, mdogo wangu wa kike miaka 27 aligundulika na mayasthenia (ugonjwa wa misuli kuchoka haraka) mwaka juzi, ilianza kope kulegea tukadhani usingizi, baadae akawa akila wali nusu sahani taya imeshachoka anashikilia kidevu kwa mkono ndo amalizie. Kipimo cha damu cha antibodi pozitivu, CT ikaonyesha tezi ya thaimasi imenenepa kidogo ila uvimbe hakuna. Yuko kwenye Mestinon ya kuipa misuli nguvu na prednisolone ya kutuliza kinga ya mwili, anaendelea vizuri. Sasa dokta mmoja anasema CT kila mwaka, mwingine anasema hamna haja mpaka dalili zibadilike, na bima yenyewe inakubali kwa mbinde. Wenye uzoefu mnafanyaje?

kitumbua_moto
Pole dada. Hii si ndo tezi ya goita? wangepiga ultrasaundi ya shingo tu, bei chee

babaNeema
Hapana mkuu, ya goita ni thairoidi. Thaimasi iko kifuani nyuma ya kidari, ukishabalehe inasinyaa inageuka mafuta. Kwa wagonjwa wa mayasthenia kama 10 hadi 15 katika kila 100 wanakutwa na uvimbe wake, thaimoma, ndo mama yangu huyo. Katolewa lakini CT kila mwaka haikwepeki manake inaweza kurudi hata baada ya miaka 10, na mara nyingi inaibukia kwenye utando wa mapafu sio palepale, kwaiyo wanapiga kifua chote. Ila wa kwako hana uvimbe, usimpangie ratiba ya mama yangu.

sista_wa_zamu
Baba Neema kasema kweli. Mi ni nesi Mombasa, wodi ya neva. Ambaye CT ya kwanza haikuonyesha uvimbe hakuna ratiba moja ambayo madaktari wote wanaifuata, wengi wanarudia mgonjwa akizidiwa bila sababu inayoeleweka au akianza kikohozi na maumivu ya kifua yasiyoisha. Binti wa miaka 27 kumpiga mionzi kila mwaka kwa woga tu mi sikubaliani, ulizeni MRI, haina mionzi na inasaidia kutofautisha tezi iliyonenepa na uvimbe. Halafu angalia hii: prednisolone inaweza kuifanya tezi isinyae, hata thaimoma zingine, kwaiyo picha ya kabla ya dawa na ya baada ya dawa usizilinganishe kienyeji, mwambieni daktari anayesoma picha alianza dawa lini. Na upasuaji mshauongelea? Kuna utafiti wa 2016, watu 126 wasio na uvimbe wenye antibodi hizo, waliotolewa tezi walikuwa na nguvu zaidi na wakatumia prednisolone kidogo kuliko waliomeza dawa tu. Mi ningeanzia hapo kabla ya kugombania CT. Na akiugua malaria asichomwe kwinini hivihivi, aseme kwanza ana mayasthenia, hata antibiotiki kama sipro na jentamaisini vilevile.

bint_msasani
Asante sana sista, upasuaji hakuna aliyetugusia kabisa. CD yenye picha za CT ya kwanza ninayo kabatini ila ripoti imeandika tu "imeongezeka kidogo", vipimo vya milimita hamna

babaNeema
Ipeleke isomwe upya waandike ukubwa, kusoma upya ni rahisi kuliko kupiga nyingine. Na uikopi kwenye flashi, ya mama ilikwaruzika ikagoma kufunguka.