Ng'ombe wanatokwa machozi hadi shavuni, lakini jicho limepauka. Nianzie wapi?

Mfugaji_Kongwa
Wakuu, salaam. Nina ng'ombe 14 chotara wa maziwa, kiangazi hiki wanakula hei na mabua ya mahindi. Watatu wanatokwa machozi, manyoya chini ya jicho yamegandamana na nzi hawabanduki. Kinachonichanganya ni mmoja: shavu limelowa kabisa, ila jicho lenyewe halina mng'ao, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na katikati kuna doa jeupe. Dukani nimeuziwa matone yenye deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe). Niweke? Halafu, machozi yanapimika bila maabara?

Daktari_wa_Zizini
Mkuu, chupa hiyo usiifungue. Doa la katikati lichukulie kuwa kidonda mpaka upime. Deksamethasoni inazuia kidonda kuziba huku bakteria wakiendelea kuila konea (kioo cha mbele cha jicho), na jicho linaweza kutoboka ndani ya siku chache.

Shavu kulowa si dalili kwamba jicho lina maji ya kutosha. Utando wa machozi una vitu vitatu: ute unaoyashikisha machozi kwenye konea, maji, na mafuta juu yake yanayozuia maji yasikauke. Mafuta hutoka kwenye safu ya vitundu vidogo ukingoni mwa kope. Kope likivimba, vitundu vinaziba. Jicho linalowashwa na vumbi au nzi linamwaga maji mengi, lakini hayana cha kuyashikilia, yanateremka tu. Ndiyo hilo jicho lako.

Kupima unaweza hapohapo zizini. Tafuta karatasi za Schirmer (vipande vya kunyonya na kupimia machozi), upana mm 5, urefu mm 35. Kunja penye alama, chomeka ndani ya kope la chini upande wa nje, acha sekunde 60, soma maji yamefika wapi. Ng'ombe mzima mwenye afya kwa kawaida hupita mm 20. Mbuzi ni kama 15. Chini ya 10, shuku ukavu. Watu hukosea hapa: wanashika ncha kwa vidole vyenye jasho, wanapima baada ya kuweka matone au sindano ya kutuliza (machozi hupungua), au wanaiacha karatasi iguse manyoya yaliyolowa. Hapo utakuwa umepima shavu.

Karatasi kwanza, rangi baadaye. Lowesha kikaratasi cha fluoreseini (rangi ya kuonyesha vidonda vya jicho) kwa tone la maji ya chumvi ya hospitali, gusisha kwenye weupe wa jicho, mwache apepese. Shikilia kope wazi, mulika kwa tochi ya bluu, hesabu sekunde hadi utando wa kijani upasuke na doa jeusi la kwanza litokee. Linganisha na ng'ombe mzima wa zizi hilohilo. Kisha suuza. Kijani kinachobaki ni kidonda, kwa sababu rangi hiyo haishiki kwenye ngozi nzima ya konea.

Ndama_na_Mtamba
Naongeza: inua kope la tatu (utando ulio kona ya ndani ya jicho) utazame chini yake. Nyuzi nyeupe za sm 1 hadi 2 zinazojinyonganyonga ni minyoo ya macho, Thelazia, na nzi wanaolamba machozi ndio wanaoisambaza. Ivamektini 1% ni ml 1 kwa kilo 50 chini ya ngozi, lakini si kwa anayekamuliwa. Huyo aandikiwe dawa nyingine.

Nzi haohao hubeba *Moraxella bovis*, bakteria wa ugonjwa wa macho, na doa la katikati linaelekea huko. Dawa yake ya kawaida ni oksitetrasaiklini 20% ya muda mrefu, ml 1 kwa kilo 10 kwenye msuli, si zaidi ya ml 10 sehemu moja, na inaweza kurudiwa baada ya saa 72. Maziwa yamwagwe kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo.

Nyanda_Kavu
Angalia weupe ulipoanzia. Ukianzia pembeni ukaingia katikati, macho yote mawili, na homa inapita 40, puani ute mzito, usiite ugonjwa wa nzi. Hiyo ni homa inayotoka kwa nyumbu, na wanaochunga upande wa Simanjiro msimu nyumbu wakizaa waiwazie mapema. Piga simu kwa daktari siku hiyohiyo.

Na hayo mabua: karibu hayana vitamini A, na ikipungua, ute wa jicho unaharibika. Wapeleke jioni mahali wasipopazoea. Anayejigonga kwenye nguzo ana upofu wa usiku. Wape lusina au majani mabichi; sindano ya vitamini A ni IU 440 (vipimo vya kimataifa) kwa kilo ya uzito.

Mfugaji_Kongwa
Karatasi imefika 23. Rangi imepasuka kwa sekunde 3, wenzake wazima inakaa zaidi ya 10. Kijani kimebaki, ukubwa wa punje ya mtama. Minyoo sikuiona. Oksitetrasaiklini ataletewa leo. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini 1% ya binadamu yanafaa kuongezea?

Daktari_wa_Zizini
Yanafaa. Maji yapo, yanakosa cha kuyashikilia, na mafuta ya hiyo dawa yanasaidia pia. Safisha tongotongo kwa maji ya chumvi, pamba moja jicho moja, bandika mstari wa sm 1 ndani ya kope la chini mara 3 kwa siku, ncha ya tyubu isiguse jicho. Mtenge kivulini. Anza na wazima kila unapohudumia, huyo awe wa mwisho. Rudia rangi siku ya nne. Kijani kikiwa kimepanuka au konea imeanza kuvimba kwenda nje, hilo si la mafuta tena, aje daktari na sindano.