Tanga hadi Dar kwa ndege ndogo: mama wa magoti, mtoto wa mwaka na nusu, na kilo 46 za mzigo

Binti_Ngamiani

Wakuu, habari za Jumamosi. Mama anakwenda Muscat na mjukuu wake wa mwaka na nusu. Ndege kubwa inaondoka Dar saa 16:40, na tiketi inamruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja. Basi la kutoka stendi ya Kange hatulitaki. Ni kama kilomita 350 kwa kupitia Segera na Chalinze, na magoti yake hayavumilii kukunjwa muda wote huo. Kuna ndege ndogo inayotoka hapa Tanga, inagusa Pemba na Unguja, inafika Dar saa 12:15.

Tiketi ya hiyo ndogo imeandikwa kilo 15 tu. Hizo 46 tunazifanyaje? Ni kweli abiria mwenyewe anapandishwa mizani? Ngazi zake zikoje? Halafu mama kasikia ina injini moja na inavuka bahari, sasa kagoma nusu. Ana presha pia, ila anatumia dawa zake vizuri.

Mzigo wenyewe ni nguo, ng'onda kilo nne, embe bolibo, asali chupa mbili na pawabenki ya mAh 30,000. Wenye ujuzi naomba majibu ya uhakika, ya kusikia tunayo tele.

Kaunta_na_Mizani

Dada, tuanze na kilo maana ndizo zinazoamua mengine yote.

Ndege inayofanya safari hizi mara nyingi ni Cessna Caravan aina ya 208B. Uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni kilo 3,969, na humo kuna kila kitu hadi kalamu ya rubani. Piga hesabu ya mfano. Ndege tupu yenye viti na sanduku la mizigo la chini ya tumbo, weka kilo 2,350. Marubani wawili, 160. Mafuta ya kutoka Tanga, kugusa Pemba na Unguja, kufika Dar na kubakiwa na akiba, tuseme 400. Hapo umebakiwa na kilo 1,059. Abiria 12 wa kilo 75 wanakula 900. Zimebaki 159 za mizigo yote, yaani kilo 13 na kidogo kwa kila mtu. Sasa unaona ile 15 inatoka wapi. Na kampuni nyingi zinahesabu begi la mkononi humohumo.

Kwa hiyo ndiyo, mama atapimwa, tena akiwa na mkoba wake begani. Asione haya, karani anaandika namba na kuendelea na mwingine. Tatizo linaanza pale mtu anapomwachia mwenziwe mkoba apimwe mwepesi, halafu anauchukua akishapita. Watu wanne wakifanya hivyo, hesabu ya rubani imepotoka kwa kilo ishirini na zaidi na yeye hana habari.

Kuhusu 46, njia ni tatu. Ya kwanza ni kulipia kilo za ziada, lakini hizo huchukuliwa nafasi ikiwepo tu. Ndege ikijaa, begi linafuata na ndege nyingine, pengine kesho. Kwa mtu anayeunganisha safari hiyo ni hatari, naikataa. Ya pili, baadhi ya kampuni zinakuuzia kiti kizima kwa ajili ya mzigo, hapo nafasi inakuwa yenu kwa hakika, ila ni bei ya mtu mzima. Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza: mzigo mkubwa utume kwa basi siku moja kabla, ndugu aupokee kituo cha Magufuli pale Mbezi, amletee mama uwanja wa ndege. Kila kifurushi kiandikwe jina la mpokeaji na namba mbili za simu, kwa wino usiofutika, pande mbili. Risiti ipige picha umtumie mpokeaji.

Mama abaki na begi moja laini lenye dawa, hati, nguo za kubadilisha na vitu vya mtoto. Nasema laini kwa maana yake. Lile sanduku la chini ya tumbo limegawanywa vyumba vinne, na kina chake ni takribani nusu mita. Sanduku gumu la magurudumu linagoma kuingia hata kama lina kilo 12.

Mtoto wa chini ya miaka miwili anapakatwa, halipiwi kiti, bali asilimia ndogo ya nauli. Lazima jina lake liwe kwenye tiketi. Hapa ndipo wengi wanakwama asubuhi ya safari.

Spana_Kumi

Mhusika hapo juu kamaliza kilo. Mimi nijibu la injini.

Ni kweli ni moja. Ni tabaini, yaani injini inayozungushwa na gesi ya moto, ya Pratt & Whitney Canada, familia ya PT6A, ya nguvu za farasi 675 kwenye 208B ya kawaida. Familia hiyo ipo kazini tangu miaka ya 1960, na sehemu kubwa ya ndege ndogo za biashara duniani zinaitegemea. Pwani adui yake ni chumvi. Hewa ya bahari inaacha utando kwenye mapanga ya kukandamizia hewa, injini inapoteza nguvu na joto linapanda. Dawa yake ni kuiosha kwa maji safi, na ndege inayoshinda visiwani huoshwa mara kwa mara, hata kila siku. Mafuta nayo hukaguliwa kabla ya kuruka. Unachota kidogo kwenye vali za chini ya tangi, unatazama kama kuna maji, maana maji ni mazito kuliko mafuta na yanakaa chini. Ukimwona mtu ameinama chini ya bawa na kikopo kinachopenyeza mwanga, anafanya hilo.

Ikizima angani haidondoki kama nazi. Caravan inateleza takribani kilomita 3.5 kwa kila futi 1,000 za kimo, hewa ikiwa tulivu. Mkondo wa Pemba una upana wa kilomita 50 hivi. Ukiwa futi 5,000 unateleza kama kilomita 17, kwa hiyo katikati ya mkondo kuna kipande ambacho huwezi kufika nchi kavu upande wowote. Sitamficha mama hilo. Ndiyo sababu kuna koti la kujiokolea kwa kila abiria, na la mtoto ni la kwake peke yake. Muulize mhudumu kabla ya kupanda, asikwambie watavaa moja.

Na koti halijazwi ndani ya ndege. Mwaka 1996 ndege ya Ethiopia ilitua baharini karibu na Ngazija, na miongoni mwa waliokufa walikuwemo waliojaza makoti wakiwa bado ndani. Maji yakiingia yanakunyanyua hadi darini na mlango unabaki chini yako. Unalivaa, unatoka, ndipo unavuta kamba.

Presha: Caravan haina mfumo wa kukandamiza hewa ndani, kwa hiyo mwili unahisi kimo chenyewe. Lakini safari za huku hazipandi sana. Ndege kubwa ya kwenda Muscat itakuwa juu zaidi ya futi 30,000, na ndani hewa yake inaruhusiwa kuwa sawa na ya futi 8,000. Kwa hiyo akiruhusiwa na daktari kupanda kubwa, hewa ya ndogo si mbaya zaidi. Ila mwenye mafua makali aahirishe, masikio yatamuuma wakati wa kushuka. Mtoto anyonyeshwe chupa ndege inapoanza kushuka, na si inapopaa, kwa kuwa kushuka ndiko kunakobana.

Wakala_Chumbageni

Nyote mmesema vyema lakini hamkugusa saa, na mimi hiyo ratiba siipendi.

Kufika 12:15 na kuondoka 16:40 kwenye karatasi ni saa nne na dakika 25. Toa: kaunta ya safari za nje kwa kawaida inafungwa saa moja kabla, yaani 15:40. Ndege ndogo za Dar mara nyingi zinatua Terminal 1, jengo la zamani, na za nje zinaondokea Terminal 3. Hayo si majengo ya kutembea kwa miguu kutoka moja hadi jingine, tena na mtoto na magoti. Unatoka nje, unachukua gari, unaingia upya. Mzigo wa basi nao unatoka Mbezi kwa foleni za Dar. Na tiketi mmekata mbili tofauti. Ndege ndogo ikichelewa Pemba kwa mvua, kampuni ya ndege kubwa haina deni na nyinyi.

Kama kuna ndege ya asubuhi zaidi, chukua hiyo. Kama hakuna, na hasa Machi hadi Mei wakati wa masika, mama alale Dar usiku mmoja. Ndege hizi rubani anahitaji kuona, wingu likishuka kwenye uwanja mdogo anasubiri, na akisubiri Tanga basi Pemba na Unguja pia wanasubiri.

Jambo jingine: saa za tiketi ni za kizungu. 10:30 ni saa nne na nusu asubuhi. Mwambie mama kwa saa zetu na umwandikie, maana "saa kumi na nusu" kwake ni alasiri. Na ndege ndogo ikishapata abiria wake wote inaweza kuondoka kabla ya wakati, kwa hiyo awe uwanjani saa moja na nusu kabla.

Binti_Ngamiani

Ahsanteni sana, mmenifungua. Nimeona kweli, tutamlaza Dar usiku mmoja. Bado la ngazi hamjanijibu. Na pale Pemba na Unguja itabidi ashuke?

Spana_Kumi

Mlango wa abiria uko nyuma kulia. Nusu ya juu inafunguka kwenda juu, nusu ya chini inashuka na kuwa ngazi yenyewe. Vidato ni vichache ila vyembamba, na havina upana wa watu wawili kwenda sambamba. Kwa hiyo msaidizi anakaa nyuma yake, hamshiki mkono ubavuni. Mguu wenye nguvu utangulie kupanda, wenye maumivu utangulie kushuka. Ndani dari ni fupi, atainama hadi kitini. Mtoto abebwe na mhudumu wakati huo, bibi awe na mikono mitupu.

Semeni mapema kwa simu kwamba ni mtu wa magoti, wamweke kiti cha karibu na mlango kama hesabu ya uzito inaruhusu. Nasema kama, kwa sababu mkia wa Caravan ukizidiwa wakati wa kupakia inaweza kuketi kinyumenyume. Ndiyo maana utaona chuma cha kuegemeza kimewekwa chini ya mkia. Rubani akisema wazito mbele, ni wazito mbele. Nyuma pia ndiko kunakorushwa zaidi hewa ikichafuka, hasa mchana juu ya nchi kavu jua likishapanda.

Kutoka kwenye gari hadi ndegeni watembee nyuma ya bawa, kamwe wasipite mbele ya panga hata kama limesimama. Kwenye injini hii panga halikufungamana moja kwa moja na kinu, linaweza kuzunguka kwa upepo tu.

Kaunta_na_Mizani

Vituo vya njiani: kwa kawaida anayeendelea anabaki kitini, au anashushwa dakika chache ikiwa wanajaza mafuta. Kosa kubwa ni kushuka Unguja ukidhani ni Dar, kwa sababu mtangazaji ni rubani akigeuza kichwa, na mngurumo ni mkubwa. Mama aulize kila inapotua. Tagi ya begi lazima isomeke DAR. PMA ni Pemba, ZNZ ni Unguja. Atazame kabla begi halijaondoka mezani, karani anaweza kushika tagi ya jirani.

Pawabenki ya 30,000 muiache. Hizo mAh 30,000 ni Ah 30; zidisha kwa volti 3.7, unapata watisaa 111, na mpaka wa kubeba bila kibali cha kampuni ni 100. Ya 20,000 ni 74, hiyo inapita, ila iwe mkononi na si kwenye begi la chini. Asali iende kwenye mzigo wa basi, maana chupa kubwa haitapita ukaguzi wa mkononi Terminal 3. Funga kifuniko kwa gundi ya karatasi kisha mfuko. Hewa iliyobaki juu ya asali inatanuka ukipanda juu, inasukuma.

Ng'onda zikaushwe hasa, zifungwe tabaka tatu. Maji ya chumvi yakivuja kwenye sakafu ya ndege yanakula alumini, na mzigo wenye unyevu unaweza kukataliwa papo hapo. Embe zichaguliwe mbichi zenye kukomaa.

Wakala_Chumbageni

Kitambulisho atumie pasipoti hata kwa ndege ndogo, ili jina la tiketi zote mbili liwe herufi kwa herufi. Ya mtoto pia. Na uulize mnapolipa kama tozo za uwanja zimo ndani ya nauli au zinalipwa dirishani, awe na pesa taslimu mkononi.