Siku 61, halafu nikaanguka. Je, utakatifu unahesabiwa?

Mtafuta Njia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimeliandika hili mara tatu nikalifuta. Leo naliacha.

Nina miaka 29, nimeokoka tangu nikiwa na 22. Kazi yangu ni stoo: kinachoingia nakihesabu, kinachotoka nakihesabu, na nadhani tabia hiyo ndiyo niliyoihamishia kwenye wokovu. Dhambi inayonisumbua ni picha chafu kwenye simu, usiku, nikiwa peke yangu. Nimetubu mara nisizoweza kuzikumbuka. Mwaka huu nikanunua daftari. Juu ya jalada nikaandika maneno ya Waebrania 12:14: "utakatifu, ambao hapana mtu atakayemwona Bwana asipokuwa nao." Ndani, kila usiku kabla ya kulala, mstari mmoja tu: tarehe, na alama ya vema kama siku imepita salama.

Nilifika siku 61. Kabla ya hapo sikuwahi kufika hata 20. Kufikia siku ya 50 nilikuwa nikiamka asubuhi, ile namba inakuja kichwani kabla ya sala. Siku ya 62 nilirudi kutoka kazini nimechoka, nimegombana na msimamizi wangu kuhusu ripoti, nikaanguka. Sikuteleza. Nilijua ninachofanya. Baadaye nikafungua daftari, nikazitazama zile alama 61, nikapiga mstari wa kalamu juu ya kurasa zote. Na kwa kuwa zilikuwa zimeshafutika, nikaendelea siku tatu nyingine. Hili ndilo linalonitisha kuliko anguko lenyewe: nilikuwa nikijiambia kwamba sasa ni sifuri, na sifuri haipungui.

Kuna jambo la pili. Kaka yangu mkubwa anakunywa. Ndiye aliyenilea baada ya baba yetu kufariki. Siku ya 40 alinipigia saa nne usiku. Nilijua atakavyoongea, nilijua nitavurugika, na nikivurugika huwa naanguka. Sikupokea. Nikaweka alama ya vema. Hatujazungumza hadi leo.

Naomba kuuliza: zile siku 61 zilikuwa utakatifu, au zilikuwa nini? Mbele za Mungu nimerudi sifuri? Na kama kuna aliyeishi maisha matakatifu bila kuhesabu, anajuaje kwamba hajidanganyi?

Tafadhali msiniambie "omba tu". Ninaomba.

---

Askari wa Msalaba

Mpendwa, pole, na hongera kwa kusema. Mimi nitaenda moja kwa moja kwenye simu, maana hapo ndipo vita ilipo.

Yusufu hakukaa chumbani na mke wa Potifa akijadiliana na moyo wake. Aliacha vazi mkononi mwa yule mwanamke akakimbia nje, Mwanzo 39:12. Ayubu alifanya agano na macho yake. Na 1 Wathesalonike 4:3 haina fumbo: mapenzi ya Mungu ni kutakaswa kwenu, mwepukane na uasherati. Kwa hiyo simu isilale chumbani kwako. Nunua saa ya mezani ya kukuamsha, simu ibaki sebuleni kuanzia saa tatu. Siku unayorudi umechoka na una hasira, usikae peke yako saa ya kwanza. Oga, toka, tembea, nenda kwa mtu. Umesema mwenyewe kwamba uchovu na ugomvi vilitangulia. Mlango unaujua, ufunge.

Daftari usilitupe. Lilikufikisha 61.

---

Mkunga Mstaafu

Mwanangu, nilisoma maneno yako jana usiku nikafunga, asubuhi nikayarudia. Mimi ni mkunga, miaka 34 wodi ya wazazi, sasa nimestaafu. Nitakujibu kwa kile ninachokijua, nacho ni mikono.

Zamu moja ya usiku, akina mama wanne wako kwenye uchungu, unanawa kabla ya kumgusa huyu, unanawa baada ya kumgusa, unavaa glavu, unavua, unanawa tena. Ngozi ya vidole vyangu ilikuwa inapasuka. Sikuwahi kuhesabu, na sikuwahi kumsikia mwenzangu akisema kwamba mikono yake ina siku kadhaa haijaguswa na damu. Mkunga wa namna hiyo angekuwa amekaa pembeni, mikono ameiinua juu isichafuke, na mama anajifungulia sakafuni. Sisi tulikuwa tunanawa ili tushike.

Mwanangu, siku ya 40 ulikuwa umeinua mikono juu.

Sisemi hivi kukuumiza. Angalia jalada la daftari lako. Ule mstari umeunukuu kuanzia katikati. Unaanza hivi: "Tafuteni kwa bidii kuwa na amani na watu wote, na huo utakatifu..." Ni sentensi moja. Nusu ya kwanza ndiyo ilikuwa inakupigia simu saa nne usiku.

Kuna kitu kwenye lugha yetu nimekiwaza miaka mingi. Sisi tunasema mtakatifu, kutoka kutakata, kuwa safi. Neno zuri, lakini likituingia masikioni tunawaza kwanza uchafu. Neno la Kiebrania la Agano la Kale, *qadosh*, linaegemea zaidi upande wa kutengwa kwa ajili ya Mungu, kuwa mali yake. Ndiyo maana hata bakuli na meza za hemani ziliitwa takatifu, na bakuli halina jinsi ya kushinda majaribu. Haruni alivaa bamba la dhahabu kwenye paji la uso lililoandikwa kwamba ni mtakatifu kwa Bwana. Halafu nenda Zekaria 14:20, nabii anaona siku ambayo maneno hayo hayo yatakuwa kwenye njuga za farasi. Farasi, mwanangu! Mnyama wa jasho na vumbi, anayekwenda sokoni na vitani. Nilipouelewa mstari huo nililia peke yangu chumba cha kubadilishia nguo, maana na mimi nilikuwa nadhani Mungu ananiona Jumapili nikiwa nimepiga pasi, na usiku wa damu ni wa serikali.

Swali lako la sifuri. Paulo anawaandikia Wakorintho, watu waliogawanyika makundi, wanaoshtakiana mahakamani, na mmoja wao anaishi na mke wa baba yake. Anawaita nini mstari wa pili wa barua? Waliotakaswa katika Kristo Yesu. Kisha ndipo anawakemea, sura baada ya sura, bila huruma ya uongo. Hakuwaambia wamerudi sifuri. Na Petro alipotaka kuoshwa mwili mzima, Bwana alimwambia kwamba aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kutawadha miguu (Yohana 13:10). Ulichafuka miguu. Ilikuwa ya kutawadhwa usiku ule ule, si baada ya siku tatu. Zile siku tatu usizisingizie udhaifu wa mwili. Zilitoka kwenye daftari, kwa sababu daftari lilikuwa limekufundisha kwamba huna tena cha kupoteza.

La kujidanganya. Wakunga tunaijua hadithi ya Vienna, mwaka 1847. Hospitali moja, wodi mbili za wazazi: moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Kwa madaktari akina mama walikuwa wanakufa zaidi sana kwa homa ya uzazi. Daktari Semmelweis akagundua kwamba wenzake walikuwa wanatoka kupasua maiti wakaja kuwashika wazazi. Walikuwa wamenawa kwa sabuni, mikono inaonekana safi. Akawalazimisha kunawa kwa maji ya chokaa yenye klorini, vifo vikashuka. Na wapo waliokataa kumwamini, wakaona ni tusi kuambiwa kwamba mikono ya daktari inaua. Kwa hiyo unaniuliza mtu anajuaje kwamba hajidanganyi. Kwa kujitazama, hajui. Tazama wale unaowagusa wanapata nini mikononi mwako.

Sasa naomba usome Walawi 19, mistari yote 37. Inaanza na amri ya kuwa watakatifu, halafu fuata mwenyewe uone inakokwenda: mche mama yako na baba yako, acha mavuno ya pembeni kwa maskini, ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi, usimtukane kiziwi, usimwekee kipofu kikwazo. Mstari wa 35 na 36 ni wako kabisa, mtu wa stoo: vipimo na mizani ya haki. Na hapo nina swali, nisamehe kama naingilia. Ile ripoti mliyogombania na msimamizi wako, ilikuwaje?

---

Mtafuta Njia

Shikamoo mama. Nimekaa na swali lako tangu asubuhi.

Ripoti ilisema mzigo umepokelewa kamili. Haukuwa kamili, yalipungua maboksi 12. Msimamizi akaniambia niweke saini, yatafika wiki ijayo. Nilibisha, ndiyo ukawa ugomvi. Mwisho nikaweka saini.

Na si mara ya kwanza. Nimerudi kwenye daftari nikalinganisha tarehe. Siku ya 17 na siku ya 33 niliweka saini kama hizo, tena bila kubisha. Siku zote mbili zina alama ya vema. Sikuwa naficha, mama. Haikunijia kabisa kwamba ni jambo la kuandika mle ndani.

Sijui niseme nini zaidi kwa sasa.

---

Fundi Seremala

Kaka, mimi niliwahi kuwa mahali ulipo, kwa dhambi hiyo hiyo, miaka sita. Mama Mkunga amesema makubwa, Askari naye usimpuuze, simu yangu mimi hulala sebuleni hadi leo na nina mke na watoto wawili. Naongeza moja.

Kule Bristol, Uingereza, mwaka 1742, Wamethodisti, wafuasi wa mhubiri John Wesley, walikuwa na deni la jengo la ibada. Wakakubaliana kila mtu atoe peni moja kwa wiki, wakagawanywa vikundi vya watu kumi na wawili hivi, kila kikundi na kiongozi wa kupita kukusanya. Wale viongozi walipopita nyumba kwa nyumba wakakuta mambo ambayo ibadani hayaonekani: huyu anaishi vibaya na mkewe, yule amerudia ulevi. Wesley akaona kwamba hicho ndicho alichokuwa akikihitaji siku zote. Vikundi vya kulipa deni vikawa vikundi vya kuulizana hali ya roho kila wiki. Napenda kwamba ilianzia kwenye peni na mlango wa nyumba, na si kwenye mkutano wa kupanga jinsi ya kuwa watakatifu.

2 Timotheo 2:22 tunainukuu sote pale inaposema zikimbie tamaa za ujanani. Inamalizia: pamoja na wale wamwitao Bwana kwa moyo safi. Wewe umekimbia peke yako na daftari. Sisi tuko watatu, Alhamisi jioni, karakana yangu ikishafungwa, nusu saa. Hatuulizani "umefikisha siku ngapi". Tunaulizana: umeangalia nini, umemdanganya nani, umemwepuka nani. La tatu ndilo linalotukamata wengi. Mara ya kwanza nilipojibu kwa ukweli mikono ilikuwa inatetemeka nikashika randa ili wasione. Hakuna aliyenihubiria. Mmoja akasema, "Mimi pia, Jumatatu." Tukaomba, tukafagia, tukaenda nyumbani.

Tafuta wawili. Wasiwe wachungaji wako, wasiwe watu unaotaka wakusifu. Wanaume wenzako wanaoweza kukaa kimya.

---

Askari wa Msalaba

Narudi. Nilisema daftari usilitupe. Baada ya kusoma tarehe zako mbili naona nilijibu haraka. Mimi pia ninalo, la kwangu ni la siku za kufunga. Nitaliangalia tena leo usiku kwa macho mengine.

---

Mtafuta Njia

Wapendwa, nawajulisha yaliyotokea, maana mlitumia muda wenu.

Jumatatu nilimwomba msimamizi dakika tano nikamwambia nataka ripoti tatu zirekebishwe, na kwamba saini ni yangu, kosa nabeba mimi. Alinyamaza, akasema tutaongea. Bado hatujaongea. Naogopa, sifichi, kazi hii naihitaji.

Jumanne usiku nilianguka tena. Niliinuka saa hiyo hiyo nikaoga, nikatubu, nikalala. Asubuhi nikaenda kazini. Hiyo kwangu ni mara ya kwanza kuwa siku moja na si wiki.

Kaka nimempigia mara mbili, hapokei. Mke wake alipokea ya tatu akasema yuko nyumbani ila hataki kuongea na mimi. Akaniambia usiku ule wa siku ya 40 hakuwa amelewa. Alikuwa ametoka hospitali kupewa majibu, na mimi ndiye mtu wa kwanza aliyempigia.

Jumamosi nakwenda kwake.

---

Mkunga Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nenda. Usiende na maelezo kuhusu daftari wala kuhusu kwa nini hukupokea, hayo yasubiri akikuuliza. Mwulize majibu ya hospitali yalisemaje, na kliniki inayofuata ni lini, na nani anamsindikiza. Kama kuna karatasi usizozielewa, niandikie pembeni nitakusomea.